Mkono wa mtoto umelala tangu azaliwe, nimeambiwa "itapona yenyewe". Nisubiri mpaka lini?

Hongera kwa kujifungua dada, na pole kwa mitihani uliyoanza nayo. Nafupisha ulichoniandikia ili na wengine wafuate. Upo Kilosa, mtoto wa kike, wiki 5, alizaliwa na kilo 4.4, kichwa kilitoka bega likakwama, wakahangaika nae mpaka akatoka, na tangu siku hiyo mkono wa kulia umelala tu pembeni ila vidole anafumba na kufumbua. Ukaambiwa mfanyie mazoezi itapona yenyewe, hakuna aliyekuonyesha zoezi hata moja. Mama mkwe anamkanda na maji ya moto asubuhi na jioni, jirani kasema huo ni mtindio wa ubongo, na wewe unauliza atapona, mazoezi gani, umpeleke wapi na kosa ni la nani.

Nianze na la jirani maana najua ndo linalokunyima usingizi. Kwa ulivyoeleza hii haifanani na mtindio wa ubongo. Mtindio unaoshika upande mmoja mara nyingi wiki za mwanzo hauonekani, mzazi anaanza kushtuka mtoto akiwa na miezi minne mitano hivi, anaona mkono mmoja unakaa ngumi muda wote, unakakamaa, na mara nyingi na mguu wa upande huohuo una shida. Wa kwako mkono ulilegea palepale alipozaliwa, haujakakamaa, miguu yote anarusha vizuri. Hapo tatizo haliko kwenye ubongo, liko kwenye mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi.

Mishipa hiyo ni mitano, inatoka kwenye uti wa mgongo pale shingoni, inapita nyuma ya mtulinga, inachanganyikana huko kwapani halafu inagawana kazi, ya juu inashughulika na kuinua bega na kukunja kiwiko, ya chini inashughulika na kiganja na vidole. Bega likikwama nyuma ya mfupa wa nyonga ya mama huku kichwa kishatoka, shingo na bega vinavutana na mishipa ya juu ndo inayoumia kwanza. Ndo maana mwanao vidole vinacheza ila bega na kiwiko vimelala. Angalia mkono wake ulivyokaa: umebana ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kimeangalia nyuma na kifundo kimekunjwa, kama mhudumu wa hoteli anayepokea bakshishi kwa kificho. Ukiona mkao huo basi ni hii tunayoiita Erb, kwa jina la daktari wa Kijerumani Wilhelm Erb aliyeielezea mwaka 1874, ingawa Mfaransa Duchenne alishaiandika miaka miwili kabla yake. Na wala si kitu cha ajabu, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa anapatikana mmoja mpaka watatu hivi.

Sasa atapona? Inategemea mshipa umeumia vipi na hilo kwa macho halionekani. Kuna uliovutika tu ukapata mshtuko, huo unaamka ndani ya wiki chache. Kuna uliokatika nyuzi za ndani ila ganda la nje lipo, huo unaota tena lakini polepole, kama milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni mpaka kwenye msuli wa kukunja kiwiko hiyo ni safari ya miezi. Kuna uliokatika kabisa, na kuna ulionyofoka kwenye uti wa mgongo wenyewe, hii miwili ya mwisho mazoezi peke yake hayairudishi hata ufanye usiku na mchana. Watoto wengi wako kwenye makundi mawili ya mwanzo, na mwanao kwa kuwa vidole vinacheza yuko kwenye upande wenye matumaini zaidi. Ila sipendi ile kauli ya "wote wanapona", si kweli, katika 100 kama 20 mpaka 30 wanabaki na udhaifu wa namna fulani, wengine mdogo tu wa kushindwa kuinua mkono juu kabisa, wengine mkubwa.

Kwa hiyo aliyekwambia itapona yenyewe hajakudanganya, tatizo lake hakukupa tarehe. Kusubiri bila tarehe ndo kunakotuletea watoto wa miaka mitatu bega limeshakakamaa limegeukia ndani na hapo uchaguzi unakua umepungua sana. Mi nakupa tarehe, na nakupa zilezile ambazo tayari zipo kwenye kadi yako ya kliniki ili usisahau.

Wiki 6, chanjo. Siku hiyo usiishie kwa nesi wa chanjo, mwambie muuguzi au daktari umwonyeshe mkono na omba rufaa ya kwenda fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa maandishi. Usiruke chanjo kwa kuogopa mkono, sindano za siku hiyo wanachoma pajani.

Wiki 10, angalia je ameanza kukunja kiwiko hata kidogo akiwa amelala kwa ubavu? Bega linajaribu kwenda pembeni? Mchukue video fupi, dakika moja inatosha, mkono wote uonekane bila nguo, na urudie kila baada ya wiki mbili. Video hizo zitanisaidia mimi au fizio wako kuliko maneno yote, maana mtoto akifika kliniki analala au analia hatuoni kitu.

Wiki 14, hii ndo kubwa. Hapo ana miezi mitatu na kidogo, na swali ni moja tu: anaweza kukunja kiwiko mwenyewe kupeleka mkono juu? Akiwa anakunja vizuri, tunaendelea na mazoezi kwa furaha. Kama hajakunja kabisa, hapo inabidi aonwe na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu au mifupa anayejua mambo ya mkono, si kwa sababu lazima apasuliwe kesho, bali kwa sababu upasuaji wa kuunga mishipa ukihitajika unafanyika vizuri zaidi kati ya miezi 3 na 9 na kupanga kwenyewe kunachukua muda. Wanachofanya ni kutoa kipande cha mshipa wa hisia mguuni, kwenye shavu la mguu, wakaziba nao palipokatika, au wanachukua mshipa wa jirani wenye kazi ndogo wanauelekeza kwenye msuli uliokosa. Msuli ukikaa bila mshipa mwaka mmoja na nusu, miwili, hata mshipa ukija kufika haupokei tena vizuri. Sikutishi, naeleza tu kwa nini "subiri afikishe mwaka" ni ushauri mbaya.

Miezi 9, siku ya chanjo ya surua, mkalishe, shika mkono wa juu ubane ubavuni taratibu, mpe kipande cha biskuti mkono wa kulia. Akikipeleka mdomoni bila kuinamisha kichwa sana kukifuata, safi. Kama kichwa ndo kinashuka kufuata mkono, mrudishe kwa daktari bingwa hata kama huko nyuma walisema yuko poa.

Haya, mazoezi. Mazoezi hayaharakishi mshipa kuota, hilo liwe wazi, na ukikutana na mtu anakuuzia mafuta au mashine ya kukuza mishipa achana nae. Kazi ya mazoezi kwa sasa ni kutunza viungo visikakamae, ili mshipa ukifika ukute bega linalozunguka. Bega likigeukia ndani miezi na miezi misuli ya mbele inafupika, halafu kichwa cha mfupa wa mkono kinaanza kusukumwa nyuma ya tundu lake, na hilo linaweza kutokea kabla hata mtoto hajafikisha mwaka, wengine miezi michache tu. Ndo maana zoezi nitakaloanza nalo nalipa uzito kuliko mengine yote kwa pamoja.

Kabla hujaanza hakikisha mtulinga ulipimwa. Wakati mwingine bega likikwama mtulinga nao unavunjika, kwa kichanga unaunga ndani ya wiki tatu hivi kwa hiyo kwa wiki 5 hapatakuwa na shida, lakini kama ukigusa analia sana au kuna uvimbe, piga eksirei kwanza.

Mlaze chali, ameshiba, kachangamka, asiwe na njaa wala usingizi. Viwiko vyote viwili vibane ubavuni, ukunje mikono yake ya mbele iangalie juu darini, halafu taratibu peleka vile viganja nje, kila kimoja upande wake, vielekee kwenye godoro. Kiwiko kisitoke ubavuni, hapo ndo watu wanakosea. Ukifika mahali unahisi kama inabana kidogo, simama hapo, hesabu mpaka 20 polepole, achia. Mara tatu. Mkono mzima unakuonyesha ulipaswa kufika wapi, kwa hiyo kila siku unalinganisha kulia na kushoto. Siku ukiona wa kulia umeanza kufika karibu kuliko jana na juzi, yaani umepungua mzunguko, hiyo ni dalili ya bega kuanza kukakamaa au kutoka, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda.

La pili, kuinua mkono juu mpaka karibu na sikio. Mkono wako mmoja unashika kombe la bega lisikimbie, mwingine unashika juu ya kiwiko chake na kuinua kupitia pembeni. Usiposhika kombe, mkono utaonekana umepanda kumbe ni kombe limepanda nao, kiungo chenyewe hakijanyooshwa. Usilazimishe. Mengine ni ya haraka, kunja na nyoosha kiwiko, kiwiko kikiwa kimekunjwa geuza kiganja kiangalie uso wake, inua kifundo, nyoosha vidole kimoja kimoja. Yote hayo ni dakika tano, fanya kila unapombadilisha nepi na hutahitaji kukumbuka ratiba. Akilia kwa kukasirika kushikwa ni kawaida, akilia kwa maumivu utajua wewe mama yake, punguza.

Halafu kuna mambo ambayo hayaitwi mazoezi ila kwangu yana thamani sawasawa. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia uwe juu, mbele yake weka kitu, khanga ya rangi kali, kijiko kinachong'aa, hapo mkono haupambani na uzito wake kwa hiyo kama kuna nguvu kidogo ndo mahali pa kwanza utaiona. Mlaze kifudifudi kifuani kwako, mikono yote imewekwa mbele, akiwa macho. Peleka mkono wake wa kulia mdomoni kwake, usoni kwako, kwenye titi anaponyonya, sugua na kitambaa laini na kigumu kidogo kwa kupokezana, kwa sababu mtoto asiyehisi mkono anausahau, na hata mshipa ukirudi anaendelea kutumia wa kushoto tu kwa mazoea. Watoto hawa pia wanapenda kugeuza kichwa upande mwingine, shingo ikakaza, kwa hiyo msemeshe kutokea upande wa kulia, lala upande huo.

Kumvalisha, mkono mbovu uingie kwanza, kuvua utoke mwisho. Usimnyanyue kwa kwapa wala kumvuta mikono, weka mkono chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa na mabega, na waambie wote wanaokuja kumwona. Mbeleko ruksa, ila hakikisha mkono umeingia ndani ya kanga umekunjwa mbele ya kifua chake, usining'inie nje, na kichwa kishikiliwe. Usiku hamna haja ya kumfunga mkono kifuani, kuna watu bado wanafunga wiki na wiki, kwa umri huu kufunga kunasaidia tu ule mkakamao tunaoukimbia.

Tuje kwa mama mkwe. Maji ya moto hapana, na hili naomba lisiwe la kubembelezana. Ngozi ya mkono huo inaweza isihisi vizuri, mtoto anaungua na wala halii, nimeshaona malengelenge mpaka kwenye kiwiko. Kuchua kwa nguvu na kuvuta ili "mfupa urudi" pia hapana. Lakini sikushauri uende ukamwambie bibi anamuumiza mjukuu wake, mtagombana na mtoto atakosa mikono miwili ya msaada. Mfundishe lile zoezi la kwanza, mwambie fizio kasema kukanda kumebadilika sasa ni hivi, mafuta ya nazi kidogo ya uvuguvugu wa mkono kuteleza yaruhusu. Bibi mwenye muda na mwenye mapenzi akilijua zoezi anakua fizio mzuri kuliko sisi tunaomwona mtoto mara moja kwa mwezi, hilo nalisema bila utani.

Kuna dalili ambazo ukiziona hakuna cha wiki 6 wala 10, unaondoka siku hiyohiyo. Anapumua haraka au kifua upande mmoja hakipandi, maana mshipa wa kiwambo cha pumzi unatoka shingoni hapohapo. Mkono uliokuwa unacheza umeacha ghafla, una joto au umevimba, au ana homa, huo unaweza kuwa usaha kwenye kiungo na ni dharura. Nyingine mbili si za kukimbizana usiku ila zinaharakisha rufaa: vidole navyo vikilala kabisa, au jicho la kulia kope imeshuka na mboni yake ni ndogo kuliko ya kushoto. Hizo zinaashiria mishipa ya chini imeumia, pengine imenyofoka, na mtoto wa hivyo hatumsubirii muda mrefu.

Wapi sasa. Anza hospitali ya wilaya hapo Kilosa, uliza kama kuna fizio, kama hayupo omba rufaa hospitali ya mkoa Morogoro, fizio wa mkoa anatosha kabisa kwa mazoezi na ufuatiliaji. Ikifika ya kuonwa na bingwa, ni Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya CCBRT ambao wana huduma ya viungo vya watoto, wasomaji wa kaskazini hospitali ya KCMC Moshi, wa Kanda ya Ziwa hospitali ya Bugando Mwanza. Kwako treni ya SGR inasimama Kilosa siku hizi kwa hiyo Dar ni kwenda na kurudi, si kama zamani. Chukua barua ya rufaa, kadi ya kliniki na zile video. Kwa sera yetu mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ingawa wewe na mimi tunajua dirishani mambo wakati mwingine yanakua tofauti, basi uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujalipa. Ukikutana na mtu wa OT, yaani mtaalamu wa tiba kazi anayemfundisha mtoto kutumia mkono kwenye shughuli za kila siku, usimkimbie ukidhani umepelekwa pasipo, kwenye mkono wa mtoto wao ni wazuri sana, hasa akianza kushika vitu.

Na kama itatokea, Mungu apishe, akabaki na udhaifu, mlango haujafungwa. Akiwa na miaka kadhaa kuna upasuaji wa kuhamisha msuli wa mgongoni ukasaidie kugeuza bega nje, kuna kuzuia mkono mzima kwa muda mfupi kila siku ili mbovu ulazimike kufanya kazi, kuna michezo ya kuogelea na kurusha mpira. Hayo yote yanafanya kazi vizuri zaidi kwa bega ambalo halikukakamaa, kwa hiyo tunarudi kwenye lile zoezi la kubadilisha nepi.

La kosa. Sikuwepo kwenye chumba hicho, siwezi kumhukumu mkunga wala siwezi kukuhukumu wewe. Bega likikwama kichwa kikiwa nje mtoto ana dakika chache tu, waliokuwepo walikuwa wanapambana atoke mzima. Wewe hukulala vibaya, hukusukuma vibaya, hukula kitu kibaya. Mtoto mkubwa ni sababu mojawapo na sukari ya mama wakati wa ujauzito inakuza mtoto, na hapo nina ombi: pimwa sukari sasa, hata kama hujisikii kuumwa. Ujauzito ujao, kama upo kwenye mipango, siku ya kwanza kliniki waambie bega lilikwama na mtoto aliumia mkono, iandikwe kwenye kadi, maana linaweza kujirudia, upimwe sukari mapema, na ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji, usikubali kuanzia kituo kidogo kwa sababu tu kipo karibu.

Nitumie video ya wiki 10 ukishaichukua, na mwambie fizio atakayekupokea akupime lile zoezi la kwanza mbele yake, wewe ufanye yeye aangalie.